Ukungu wa Shamba la Papa

Area 25, Lilongwe
Jumapili, baada ya misa

Yaya Cécile, dada yangu mkubwa,

Nakusalimia sana, we na shemeji Delphin na batoto wote. Kifua cha mama kimetulia? Na Papa, yale malengelenge ya mikono yamekauka, ama bado anachanganya dawa bila glovu? Mi ni mzima, Mungu asifiwe, ila usingizi umenikimbia. Nsima naimega, kisha naiacha.

Unajua stage yangu ya Kanengo, haya mafunzo ya kazi kwenye maabara ya magonjwa ya mimea. Tunaotesha ukungu unaounguza majani ya nyanya, tunautilia dawa, halafu tunautazama kwa hadubini. Una nyuzi nyembamba, na kila uzi unakua kwa ncha yake. Dawa anayopulizia Papa inauzuia kujenga ukuta wa seli. Siku ya kwanza kuona nilipiga kelele: ncha zilivimba kama puto, zikapasuka, mambo ya ndani yakamwagika. Madam Tadala, msimamizi wangu, alicheka, akasema hata yeye alipiga kelele zamani.

Basi, nilipokuja huko kambini Dzaleka kwa Pasaka nilichuma majani yenye madoa kwa shamba la Papa. Nilitaka kumletea habari njema tu. Niliotesha ukungu wake kando ya ule tunaoutumia maabara, wa nyanya za Chilinde, dawa ileile, kipimo kilekile. Wa Chilinde ulikufa. Wa Papa ulivimba kidogo, ukatulia, kisha ubavuni mwa uvimbe zikachipuka nyuzi mpya, nyoofu, utadhani hakuna kilichotokea. Nikafikiri nimekosea, nikarudia. Nikazidisha dawa vile Papa anazidisha. Ukakua tu. Yaya, dawa ile sasa inaunguza mikono ya Papa, si ukungu.

Madam Tadala alitazama sana, akaniuliza majani yametoka wapi. Alieleza kwamba ukungu huo unasafiri na upepo na mvua, na mashina yasipong'olewa utawafikia wote wanaolima nyanya upande ule. Nikamwomba muda wa kufikiri.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikimuwaza Papa, aliyekimbia vita Fizi bila hata jembe, na vile anapenda kusema, "Nyanya hii njo imenirudishia jina." Halafu nikamuwaza mama Kibibi, ambaye miche yake iko ng'ambo tu ya mfereji wetu, na wajukuu anaowalisha kwa hiyo miche. Nilikaa, nikasimama, nikafua nguo zilizokuwa safi.

Yaya, Ijumaa nilisema. Nilitaja Dzaleka, nikataja shamba la baba yangu. Alhamisi tunakuja na gari la maabara kumwomba ang'oe kila shina, hata yale yenye matunda. Watamletea miche ya kabichi, maana ugonjwa huu haushiki kabichi, lakini nyanya hapana, msimu huu wote. Najua atasema binti yake amemuuza. Nimejaribu kumpigia simu. Nikisikia sauti yake nauliza habari za mvua, basi.

Usimweleze yote. Mwambie asipulizie tena, na aningoje. Mengine nitayasema mwenyewe, nikimtazama.

Nisalimie mama, nisalimie bantu wote wa kwaya. Na Alhamisi, Papa akikataa kuitikia salamu yangu, we niitikie kwa sauti, nipate nguvu ya kuingia shambani.

Mdogo wako akupendaye,
Annuarite