Vitone Vyekundu vya Ezron

Mwaka umezunguka, Ezron, tangu ututoke ghafla pale Isansa, ukaacha migomba yako imesimama na simu yako inaita.

Ulikuwa mpole. Upole huo uliondoka nao. Sisi tuliobaki tunasema.

Mnyauko ulipoanza kuua migomba, uliingia shamba kwa shamba na simu yako, uweke kitone chekundu kwenye ramani kwa kila mgomba mgonjwa, tujue balaa limetokea wapi. Kumbe ramani huweka kitone pale uliposimama unapobonyeza! Nawe ulibonyezea vyote kwa Gwantwa, kwenye kilabu cha kimpumu, maana ndiko kuliko na mtandao. Wataalamu wakaja na mapanga kung'oa migomba migonjwa, ramani ikawafikisha kwenye mapipa ya pombe.

"Baba Ikupa, na kimpumu changu nacho kinang'olewa?" Gwantwa akakuuliza.

"Ngoja nionje kwanza, mama. Kikiwa kinaumwa nitakifukia mwenyewe."

Yule jamaa aliyekuwa akituuzia miche ya migomba kwa gari lake akadakia, "Mlevi naye anachora ramani!" Kijiji kikacheka. Mliocheka tunawakumbuka kwa majina, ni nafasi tu gazetini haitoshi.

Hukununa. Ulirudia upya, safari hii ukibonyeza ukiwa umesimama chini ya mgomba wenyewe. Kwenye mkutano wa kijiji tukaona vitone vimeifuata njia ya lile gari, kila liliposhusha miche, mpaka getini kwake. Jamaa alijua miche inaumwa. Anakuuzia, inakufa, anakuuzia mingine. Hatumtaji. Anajijua, na matangazo ya vifo hapitwi nayo.

Tuling'oa, tukafukia. Isansa bado inakula ndizi, hata waliocheka.

Uliweka pia kitone kimoja cha kijani, kwenye kona ya shamba juu ya kahawa. "Hapa pazima, mtanilaza hapa," ulimwambia mkeo Fausta, akakufukuza na mwiko. Ndipo tulipokulaza. Siku hizi akisimama hapo na simu yako, inamwandikia: "Uko hapa."

"Najua," huijibu. "Na mwenyewe yuko hapa."

Unakumbukwa na mkeo Fausta, binti yako Ikupa, dada yako Nesta, kaka yako Osward aliyeandika haya, na Gwantwa, ambaye amekataa kitone cha kilabuni kwake kifutwe.

Daima tutakukumbuka, Ezron. Na yule wa miche naye, daima.