Makaratasi ya Wauza Maziwa wa Lewisham

Mpendwa Bibi Gwen,

Naanza na habari yenyewe, usikae roho juu huko uliko: makaratasi ya ukoo wenu yamepona. Na aliyeyaponya ni mie, nani mwengine.

Unakumbuka ile miaka niliyokuwa nikija kukuogesha na kukupikia uji? Nikishamaliza, ulinifungulia masanduku. Barua za Kiwelisi, vitabu vya kanisa lenu, picha za ng'ombe nyuma ya duka, hapa hapa mtaani Lewisham. Ukanambia wazee wako walitoka nchi yao ya Welisi kuja kuwauzia watu wa London maziwa. Nikakujibu, "Kumbe na nyie wakuja." Ukacheka mpaka meno ya bandia yakataka kuhama. Kisha ukanishika mkono: "Nikifa, Salim, watatutupa pamoja na magodoro."

Ulijua. Baada ya mazishi mpwa wako alinipigia simu: "Chukua unachotaka, bwana. Vilivyobaki Jumatatu vinakwenda jaani." Nikayapakia masanduku kwenye basi, dereva ananitazama kama ninayehama nchi.

Nikayaweka chini ya kitanda, kitaalamu. Mie niliyefunga mizigo Muscat na Dubai, nani wa kunifundisha? Skuli niliiacha njiani, lakini kwetu Pemba hati za shamba hulala na karafuu, mdudu asisogee. Basi nikatia karafuu, tena nyingi. Mke wangu aliponinyima kitambaa, nikazijaza kwenye soksi.

Wiki iliyopita nikayapeleka kwenye hifadhi ya kumbukumbu za mtaa. Mama wa pale akafunua sanduku, akapiga chafya, akalifunika.

"Nani katia hizi?"

"Mie."

"Mafuta ya karafuu hula karatasi, bwana. Zikiwa zimeharibika, sitaweza kuzipokea."

Bibi, mie si mtu wa kutetemeka, lakini kiti nilichokalia kilikuwa kinagonga sakafu. Akafunua karatasi moja moja. Nikasoma Fatiha, nikaongeza Ayatul Kursiy, nikajaribu na ile dua yenu ya Kiwelisi uliyonifundisha, ikanipotea katikati. Mwisho akavua miwani.

"Soksi imekuokoa. Hakuna doa."

Yatakaa chumba cha peke yake mpaka harufu itoke, kisha yatapangwa na ya wengine, na yeyote atakayetaka aende akasome kwamba mliishi hapa.

Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi, nikalia wazi wazi, kidume kizima. Mama mmoja anayetoka kanisani akataka kuniombea. Nikamwambia ahsante, mama, imeshajibiwa.

Jana nilimpigia mpwa wako. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama anaruhusiwa kwenda kuwatazama wazee wake. Sikumsema. Nimemwambia nitampeleka mwenyewe, na nitakaa karibu naye, maana mara ya kwanza huuma.

Pumzika sasa, bibi yangu.

Mjukuu wako wa Pemba,
Salim