Nondo wa Mchele na Nondo wa Makoti

Jumanne, 6 Mei 2025

Nimepigwa ngumi. Miaka hamsini na mbili, kitambi hiki — na jirani yangu Heriel akanitandika mdomoni mbele ya wateja. Jino linacheza. Kisa: nondo wametoboa makoti yake ya sufu, yale anayowauzia wasafiri wa Njombe. Fremu zetu hapa Kariakoo zinatenganishwa na ukuta wa mbao tu, na mimi nauza mchele. "Shomari, umenifugia wadudu." Nilitaka kujibu kwa hoja. Nikajibu kwa damu.

Jumatano, 7 Mei

Nimekamata nondo, kila aina na chupa yake ya jemu. Wangu: kijivu kichwani, mbawa rangi ya shaba kuanzia katikati, anazunguka taa kama mlevi. Wa Heriel: mdogo, rangi ya nyasi kavu, akiona mwanga anakimbia kwa miguu kujificha. Viwavi wao niliwapa sufu na pumba. Wangu hawakuigusa sufu. Nurdin, anayenipimia mizani, kaniuliza kama sasa nitavaa koti jeupe la maabara.

Ijumaa, 9 Mei

Nilimpelekea Heriel chupa. Nilidhani ataelewa, yeye kaona dharau. Akanifuata hadi kwangu, akanyakua bambo langu, kile chuma chenye ncha cha kutobolea magunia. Nurdin akaingia katikati. Limemzama begani. Damu kwenye mchele. Wapagazi wakamwangusha Heriel, mateke ya mbavu. Nilisikia kitu kikivunjika. Sikusema acheni. Naandika hapa tu.

Jumamosi, 10 Mei

Fortunata, mwenyekiti wetu wa jengo, anasema polisi baadaye, kwanza kamati. Nikithibitisha kwamba nondo si wangu, Heriel anafukuzwa jengoni leo. Nurdin kapiga simu toka wodini: "Mzee, usimwonee huruma."

Nimeingia stoo kufuta damu. Nyuma ya magunia kuna blanketi la sufu la marehemu baba. Mimi mwenyewe nililisokomeza kwenye ufa wa ukuta kuzuia panya. Nimelivuta — matundu matupu. Nondo wa rangi ya nyasi kavu wakatimka kwa miguu, wengi, wakaingia upande wa Heriel.

Heriel yupo nje, kaja kuchukua makoti, mbavu zimefungwa bandeji. Wapagazi wamemzunguka. Mmoja ana rungu.

Fortunata anagonga mlango wa stoo. "Shomari, lete chupa zako. Hawa watu siwawezi tena."

Nimesema nakuja. Nimelikalia blanketi.