Mchawi Mwenye Sauti ya Malaika

Jumatatu, 5 Machi 1973
Tumemaliza wimbo wa mwisho! Sasa albamu imesimama: mchawi anakamatwa, anahukumiwa, anachomwa moto, mahakimu wanaota ndevu za mbuzi. Delmo, mwimbaji wetu, anawaimba wote — hakimu, mchawi, hata kuni. Leo kavaa gauni la harusi la mama yake, uso kaupaka unga. Alipotoa ule ukelele wa mchawi, baba yake kagonga sakafu huko juu buchani kwake (sisi tunafanyia mazoezi ghala la chini). Eti tunamfukuzia wateja! Nimecheka mpaka vidole vikateleza kwenye kinanda.

Jumatano, 7 Machi
Bwana Bressan wa kampuni ya santuri kaja kutoka Milano. Viatu vyeupe — hapa Genova, mvua hii! Muziki kaupenda. Kinanda changu pia (nilijifanya sikusikia). Kisha akasema: Delmo asiimbe. Analia kama mlango wa zizi. Nani basi? Kanisonta mimi. "Huyu binti, Nives. Sauti yake tamu." Mimi? Mimi naitikia tu nyuma! Ama hivyo, ama hakuna santuri. Delmo kavua gauni, kalikunja vizuri. Delmo, anayebishana hata na kengele za kanisa!

Alhamisi, 8 Machi
Nimempelekea Delmo focaccia, ule mkate bapa wa vitunguu, ya moto. Hakuigusa. Nikamwambia nitakataa. Kanijia juu: nisijifanye mtakatifu, tumehangaika miaka yote hii, santuri itoke hata akiimba paka.
"Wewe imba, dada. Mimi nitabeba vyombo."
Kweli? Kweli, kasema, huku anatazama sakafu.
Mbaya zaidi — moyoni kuna upande umefurahi. Nimeimba mbele ya kioo. Sikuwa mbaya hata!

Jumamosi, 10 Machi
Milano, studio. Naandika chooni, komeo nimelitia. Asubuhi wimbo wa kwanza: makofi. Delmo kapiga kuliko wote, nikaona haya. Halafu wimbo wa mchawi juu ya kuni. Nimerudia, nimerudia. Bressan anashangilia: malaika! Ndilo tatizo — nani amchome malaika? Nikaomba ruhusa, nikakimbilia huku.
Nimejaribu ule ukelele. Kikatoka kikohozi. Mlango ukagongwa. Delmo, ananong'ona: "Siyo kooni, mjinga wewe! Kama umekanyaga msumari." Nikajaribu tena. Tena. Ukatoka — mwili mzima umenisisimka! Nje Delmo anacheka, kicheko chake kabisa, ambacho sijakisikia tangu Jumatatu.
Nimefungua. Nimemwambia tusimame wote kwenye maikrofoni: yeye mchawi, mimi moto. Bressan akikataa, tufungashe. Kaegemea sinki. Na mimi naandika haya upesi.
Bressan huyo koridoni. "Binti, uko tayari?"
Delmo kanitazama, kajifuta midomo, kavuta pumzi ndefu, mguu kaunyanyua kama aliyekanyaga msumari —