Risasi Haikupiga Udongo

Nambis, Jumapili

Shemeji Pascal,

Shikamoo. Dada Marieta amerudi kutoka kukuuguza hospitalini, anasema kidonda cha mguu hakinuki tena. Tumeshukuru sana. Ng'ombe wako mwekundu amezaa dume. Mahindi ya kule juu tumeyavuna, na nguruwe pori hawajarudi.

Ningekupigia simu, ila niliogopa ungenyamaza tu.

Jioni ile nilipomfyatulia gobore yule nguruwe, wewe ulikuwa ng'ambo ya korongo. Ukaniita, "Agustino, imempata?" Nikajibu, "Imepiga udongo!"

Shemeji, haikupiga udongo. Risasi ya udongoni hulia kavu. Ile ililia nzito, kama mtu amepiga kofi gunia lililojaa. Niliisikia vizuri kabisa. Lakini kwetu aliyejeruhi ndiye anayetangulia kumfuata mnyama kichakani, na mimi niliyaogopa yale meno.

Kama ningesema kweli, usingeingia mle asubuhi yake kukata majani ya ng'ombe, na yule nguruwe asingekupasua mguu.

Vijana walipomuua wakakuta risasi nyingine ya zamani kidogo pajani. Wakasema ni ya wawindaji wa bondeni. Nikatikisa kichwa kukubali. Nyama yake nilikula.

Kutofautisha milio ile miwili ulinifundisha wewe, shemeji, mwaka ulipomuoa dada. Ndiyo maana jioni ile uliliamini sikio langu, hukuniuliza mara ya pili.

Ni mimi,
Agustino