Shukrani Alizozingoja Bwana wa Bima

Halafu, Baba, yule bwana wa bima bado yuko hai. Najua utasema hayo si maneno ya mtoto aliyelelewa kanisani, lakini ndiyo yanayonichoma, acha niyatoe kwanza. Wewe umelala kule nyumbani Mbozi nyuma ya mibuni yako, na yeye kila mwezi anashuka huku Saza kwa gari lake, amenona, soksi kazivuta hadi magotini, anakaa kwenye baraza ya ofisi ya mgodi akinywa chai kama mtu aliyefanya kazi. Nywele zimempungua. Ndilo jambo pekee lililonifurahisha kwake.

Nimeolewa, Baba! Mjomba alisimama mahali pako. Mume wangu anaitwa Eliya, Mnamwanga wa upande wa Tunduma, fundi wa magogo yanayoshikilia mwamba usiwaangukie watu kule chini ya mgodi. Ni mzuri, Baba, mzuri hata akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Anaimba akinyoa ndevu. Nyama kubwa ananiachia mimi, kisha anaapa kwamba yeye ameshiba, na ninasikia tumbo lake likimsuta. Nikisikia viatu vyake mlangoni jioni nasahau chungu kilicho jikoni, na mboga ninazounguza zote anazisifia. Ungekuwa hai nisingethubutu kukuandikia haya. Kifo chako kimeninyang'anya mengi, lakini kimeniruhusu hili.

Sasa sikiliza. Kabla ndoa yetu haijazoeleka hata kwa majirani, gogo lilimwangukia Eliya mkono wa kulia. Dresa wa hospitali ya mgodi aliuosha, akaufunga, akaniita pembeni. Alisema mfupa umepasuka vibaya, Mbeya yuko daktari wa upasuaji anayeweza kuuokoa, lakini wakimwacha hapa mkono utakatwa. Msimamizi wa mgodi naye akasema bima inalipa matibabu mpaka kikomo fulani, na kikomo cha Eliya kiko karibu. Aliyetaka zaidi amuulize bwana wa bima mwenyewe, kwa Kiingereza. Kiswahili hakitaki. Eti kinarefusha mambo.

Baba, neno hilo kikomo nililijua. Ndilo neno walilokupa wewe, ulipoumia mguu katika mgodi huu huu. Nilikuwa bado shuleni. Nilikuja likizo nikakukuta umerudishwa kwa lori hadi Mlowo, na kutoka hapo ndugu walikubeba kwa machela mpaka nyumbani. Nilipouliza kwa nini hospitali imekutoa na kidonda kingali wazi, ulisema tu, "Mama, wenyewe wana hesabu zao." Ukaomba uji. Mvua hazijakatika ukatuacha.

Hizo hesabu nimeziona siku bwana wa bima alipokuja. Nilisimama foleni na wanaume. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja wa kwetu Mbozi, kifua kimembana, hotuba yake ya Kiingereza kaikariri tangu nyumbani. Alivua kofia, akainama, akaanza kama sisi sote tulivyofundishwa kuanza. Unapomwomba mkubwa akuongezee, unamwambia kwanza kwamba alichokupa kinatosha, huna lalamiko, umeshiba. Halafu, pole pole, unalisogeza lile lililokuleta. Nyumbani kwetu, mgeni akisema ameshiba, mwenye nyumba ndipo anapoinuka kumwongezea. Nani asiyelijua hilo, kuanzia Mbozi mpaka Momba?

Bwana wa bima analijua vizuri kuliko sisi. Mzee aliposema kwa Kiingereza kwamba ametunzwa vya kutosha, yule bwana akaandika, akainua kalamu, akatabasamu. "Ameridhika. Anayefuata." Mzee bado alikuwa ameshika kofia, sentensi iliyomleta ingali mdomoni. Vijana wa nyuma wakacheka, "Babu, Kiingereza chako kimekwisha kabla ya kikohozi!" Naye akacheka nao, masikini, akaondoka akikohoa.

Hapo ndipo nilipokusikia, Baba. Nilikuona kwa macho ya moyo umekaa kitandani hospitalini ukijizoeza yale uliyofundishwa na katekista, ukiyatamka kwa fahari: nimepata ya kutosha, bwana, kampuni imenitunza vizuri. Ulikuwa unabisha hodi. Yeye akaandika kwamba umeaga.

Na mguu ule ulikuwa unanuka! Alikaa nao chumba kimoja. Pua anayo, tena si ndogo.

Basi zamu yangu ikafika. Nilisimama mbele ya meza na gauni langu la harusi, maana ndilo zuri nililo nalo. Alingoja. Mimi pia nikangoja. Karani wake akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Dada, shukuru kwanza, bwana anapenda." Nikamwambia anayependa shukrani na afanye jambo la kushukuriwa. Karani akakohoa kikohozi cha uongo.

Nikauliza kwa Kiingereza kile ulichonilipia kwa kahawa yako. Sikuweka tafadhali wala samahani. Niliuliza: kikomo hiki kinahesabiwa kwa siku au kwa jeraha? Jeraha lisipopona, nani anaweza kukisogeza mbele? Na kitu gani kinamzuia asikisogeze? Nilikuwa nimeyapanga hivyo tangu asubuhi nikiosha bandeji, kila swali fupi, lisiwe na mlango wa kutokea.

Alinitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeingia kanisani. Akaniuliza nimesomea wapi. Nikamjibu hilo halimo kwenye bima.

Nawe ungedhani atapiga meza. Wapi! Akapaka jamu mkate wake, akajibu. Kikomo husogezwa daktari akiandika, kabla ya siku ya mwisho, kwamba jeraha halijapona, ilimradi mgonjwa mwenyewe hajasema kwamba ameridhika. Aliyasema hayo kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Kumbe njia ilikuwepo siku zote, Baba. Mguu wako ulikuwa na njia, na mtu wa kuionyesha alikuwa amekaa juu yake.

Watu huniuliza kama nilikasirika. Hasira ni kitu cha heshima, unampa mtu. Huyu nilimtazama jinsi jamu ilivyomganda kwenye sharubu nikaona hata hasira yangu atainenepea.

Lakini kazi haikuwa imekwisha. Akafuta vidole, akasema basi, atakwenda kumsikia mgonjwa mwenyewe. Ungemjua Eliya! Ndiye mtu mwenye adabu kupita wote niliowahi kuwaona. Akikanyagwa anaomba radhi. Nilitangulia mbio wodini nikamkuta ameshajizoeza shukrani zake, eti kwa ajili ya mgeni. Nikamwambia, "Mume wangu, ukinipenda, leo usimshukuru mtu. Sema maumivu tu." Akanishangaa. "Hata kidogo? Mgeni amekuja mpaka kitandani!" Nikasema hata kidogo.

Bwana wa bima akaingia na sauti ya asali. Unaendeleaje, kijana, tunakutunza vizuri? Karani akatafsiri. Eliya akafungua mdomo, nikaona shukrani imekaa kwenye ulimi kabisa. Akanitazama. "Mkono unauma, bwana." Lakini chakula ni kizuri? "Unauma." Na dresa, anakuja kila siku, siyo? Hapo alifumba macho, Baba, kama mtoto anayemeza kwinini. "Bwana, unauma sana."

Yule bwana alisimama kidogo akingoja, kalamu mkononi, mdomo umekaa tayari kwa tabasamu. Likamkauka. Dresa akatumia nafasi hiyo kusema kwamba daktari wa mgodi yuko tayari kuandika siku hiyo hiyo. Basi wakaandika. Walipotoka Eliya alilia, si kwa mkono. "Mke wangu, nimemkosea adabu mtu mzima mbele ya watu." Nilimbusu hapo hapo, dresa akageukia dirisha. Nani ana mume kama huyu? Niambie nani!

Alipelekwa Mbeya. Vidole viwili havikuokoka, lakini mkono upo, una joto, na juzi umeshika kikombe. Na yule mzee mwenye kifua, nimekaa naye kibarazani kwetu. Swali lake ni moja tu, fupi: neno lililoandikwa kabla sijamaliza kusema, nani anaweza kulifuta? Kila anapotaka kuliwekea shukrani mbele namnyang'anya chai, wanaume wa kambi wanatucheka. Wacha wacheke, kesho watakuja wao. Bwana wa bima akirudi, nataka akute foleni nzima haina hata mtu mmoja aliyeshiba.

Pumzika, Baba. Sikukasirikii kwa adabu yako. Ilikuwa nzuri, na ilipewa mtu asiyestahili hata salamu.

Jambo moja limebaki, nalo linamnyima Eliya usingizi kuliko maumivu yalivyomnyima. Hajawahi kumwamkia baba mkwe wake. Kwao mkwe hapewi mkono. Unachuchumaa mbali kidogo, unapiga makofi taratibu, unangoja uitikiwe. Kule hospitali, bandeji zilipofunguliwa, kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuikutanisha mikono yake miwili aone kama itatoa sauti. Imetoa. Hafifu, lakini imetoa.

Tutapanda lori mpaka Mlowo, tutatembea kutoka hapo. Kabla mwezi haujaisha, Baba, utasikia mtu anakupigia makofi karibu na mibuni. Ndiye. Nitaitikia mimi kwa niaba yako.