Greta Kwenda Maktaba Peke Yake

Jumanne, 3 Oktoba
Polisi amemleta Greta nyumbani kwa gari. Kosa lake — ametoka maktaba kwa miguu, peke yake, na ana miaka tisa. Kuna mtu kapiga simu. Eti mtoto alikuwa "bila uangalizi". Polisi kasema kwa upole tu. Greta kafurahia kupanda gari lile.

Bila uangalizi. Nimelirudia hilo neno nikiosha vyombo. Mama alikuwa anatutoa nje asubuhi, anafunga mlango wa wavu, turudi taa za barabarani zikiwaka. Wala hakuwa na jina la jambo hilo. Ilikuwa Jumamosi tu.

Alhamisi, 5 Oktoba
Kaja afisa wa ustawi wa watoto, Bi Renner. Kafungua friji, kakagua vitanda. Halafu akataka kuongea na Greta faragha. Nimesikia kupitia ukuta. Kamuuliza kama huwa anaachwa peke yake. Na huyu mwanangu, kwa maringo: "Mimi mkubwa. Saa nyingine Mama hata hajui niliko."

Jamani, Greta!

Bi Renner hakuficha: Greta asionekane nje bila mtu mzima mpaka faili lifungwe. Simu moja zaidi, shauri linakwenda kwa jaji, na jaji anaweza kumchukua. Nimeitikia. Ningefanyaje?

Wade, baba yake Greta, kapiga simu, yuko safarini Nebraska na lori lake. Anasema aliyetuchongea ni Lorraine wa ng'ambo ya barabara. Nimemwambia asimsingizie mtu.

Jumapili, 8 Oktoba
Ni Lorraine. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi na koti, namtazama Greta akicheza, akaja na pai ya maboga.

"Jirani, nilipiga mimi. Angegongwa na gari nami nimenyamaza, ningelala vipi?"

Nilitamani kumrushia pai yake. Nikasema asante. Na ilikuwa tamu, ndicho kinachoniudhi.

Jumamosi, 14 Oktoba
Faili bado. Nje jua zuri, majani yamejaa uani. Nimemwambia Greta akacheze, mimi nipo jikoni, dirisha liko wazi. Kasimama mlangoni, viatu mkononi.

"Nani ataniangalia?"

"Mimi, kutoka hapa."

"Toka na wewe, Mama. Wakinichukua je?"

Mwezi uliopita tu alikuwa anapanda miti ya watu bila kuuliza. Nimekaa naye sakafuni. Nimelia, potelea mbali.

Baadaye akakumbuka vitabu vya maktaba, mwisho wa kurudisha ni leo. Nikaona bora simu ipigwe kuliko mwanangu akue akiogopa mlango wake mwenyewe. Nimemfunga vifungo vya koti, nimempa mfuko. Nikamwambia nenda, nakusubiri hapa.

"Peke yangu? Kweli?"

Kweli.

Naandika nimesimama dirishani. Kafika kona, kageuka, kanipungia mkono. Sasa simwoni. Lorraine katoka barazani kwake na simu mkononi. Hajapiga. Ananitazama mimi.